Ushirikiano wa Afrika Mashariki katika haki za watu wenye ulemavu

Ushirikiano wa kikanda katika haki za watu wenye ulemavu ni mikataba, sheria, mahakama na vyuo ambavyo nchi jirani huvitumia kwa pamoja ili haki ya mtu isikatike anapofika mpakani. Katika Afrika Mashariki shina lake ni Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Ibara ya 120 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kuwa na msimamo mmoja kuhusu makundi yaliyo pembezoni, watu wenye ulemavu wakiwamo. Mwaka 2012 Jumuiya ikajipatia sera yake ya watu wenye ulemavu. Hata hivyo, ukiyafuatilia matokeo kuliko matamko, utaona kwamba ushirikiano huu umezaa matunda pale tu ulipopewa nguvu ya sheria au taasisi yenye kazi maalumu. Ulipoachwa katika sera peke yake, maisha ya walengwa hayakubadilika kwa kiasi kilichotarajiwa.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye forodha, mahali ambapo wachache huenda kutafuta habari za haki za binadamu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, katika jedwali lake la tano, inasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ulemavu, pamoja na magari yao. Ofisa wa forodha Namanga, Mutukula au Rusumo hahitaji kushawishiwa kwa semina. Anafungua jedwali na kutekeleza. Ushahidi wa pili uko Moshi. Tangu mwaka 1981 chuo cha TATCOT, kilicho pamoja na hospitali ya KCMC, kimekuwa kikifundisha mafundi wa miguu bandia, vifaa tiba vya viungo na viti mwendo, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Ushahidi wa tatu, ambao kwangu ndio wenye uzito zaidi kwa watu wa Kanda ya Kati ya Tanzania, ni vitabu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu kitabu kilichogeuzwa kuwa nukta nundu au sauti kupelekwa nchi nyingine mwanachama bila kuomba upya ruhusa ya mwenye hakimiliki. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018 na Tanzania 2020. Buigiri, wilayani Chamwino, mashariki ya jiji la Dodoma na eneo lake la Kikuyu, ipo shule ya watoto wasioona iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950. Kitabu cha Kiswahili kilichochapwa kwa nukta nundu Nairobi kinasomeka Buigiri herufi kwa herufi. Kukichapa upya kila nchi kwa gharama kubwa, huku watoto wakigombania nakala chache, ni upotevu ambao sheria imekwisha kuuondolea kisingizio.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, mzito na wa kuumiza: uhalifu nao huvuka mpaka. Mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi, Burundi, iliwatia hatiani washtakiwa katika mauaji ya watu wenye ualbino ambao viungo vyao vilitafutiwa wanunuzi Tanzania. Mwaka uliofuata mahakama ya Mwanza ilimfunga raia wa Kenya aliyemleta Mkenya mwenzake mwenye ualbino kwa hila ili amuuze. Hakuna nchi moja ambayo ingeweza kuukata mnyororo wa namna hiyo ikiwa peke yake, kwa kuwa muuaji, dalali na mnunuzi walikuwa chini ya bendera tofauti. Ndiyo maana itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za watu wenye ulemavu, iliyopitishwa Januari 2018 na kuanza kutumika mwaka 2024, iliweka wazi wajibu wa kupambana na mila zenye madhara, yakiwamo mauaji ya kishirikina, jambo ambalo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 haukulitaja kwa uwazi huo. Mwezi Februari 2025 Mahakama ya Afrika, yenye makao Arusha, ikaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za watu wenye ualbino. Shauri hilo lilifunguliwa mwaka 2018 na mashirika matatu, mojawapo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha Tanzania. Lilisikilizwa kwa kuwa lilitangulia: mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kwenda moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Leo shauri la aina hiyo lisingepokelewa kwa njia ileile. Mlango mmojawapo uliobaki ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo humpa mlalamikaji miezi miwili tu, muda mfupi mno kwa mtu anayeishi kijijini na asiye na wakili.

Wapo wanaopinga wakisema kila nchi ina sheria zake, na zinatosha. Kweli sheria zipo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu; Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja asilimia 5 katika nafasi za kuteuliwa na kuchaguliwa katika vyombo vya umma; Uganda imetenga viti 5 bungeni. Sioni haja ya kuzilazimisha ziwe sare. Mikopo ya halmashauri za Tanzania, ambamo asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, hutokana na kodi za wakazi, na ni haki ibaki kwao. Lugha za alama pia zinatofautiana: kiziwi wa Dodoma na wa Kampala hawaunganishwi na Kiswahili kama wasioona wanavyounganishwa na nukta nundu. Lakini pingamizi hili halijibu swali la idadi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata asilimia 2.2 ya watu wenye ulemavu. Ya Tanzania ya mwaka 2022 ilipata asilimia 11.2, ya Uganda ya mwaka 2014 ilizidi 12. Haiwezekani ulemavu uongezeke mara tano kwa kuvuka Namanga. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa inatokana na umri unaoanziwa na uamuzi wa nani ahesabiwe, mwenye shida kidogo au mwenye shida kubwa. Bila kipimo kimoja, bajeti za nchi hizi haziwezi kulinganishwa, na serikali yoyote inaweza kujisifu au kujitetea kwa takwimu inayoifaa.

Pingamizi la pili ni fedha: nchi maskini zitamudu vipi wajibu mpya? Jibu linapatikana katika mifano iliyotangulia, kwa kuwa kushirikiana katika chuo na vitabu kunapunguza gharama. Soko la Pamoja, lililoanza Julai 2010, tayari limeruhusu wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi kutambuliwa vyeti vyao nchi nyingine kwa makubaliano ya vyama vyao. Hatua inayofuata ni cheti cha ulemavu kilichotolewa Kisumu au Kigali kutambuliwa Dodoma, angalau kwa msaada wa mtihani, usafiri na uingizaji wa vifaa, bila kumpima mtu upya kana kwamba ulemavu wake ulibaki nyumbani. Jambo hilo halihitaji mabilioni. Bunge linalokaa Dodoma ndilo lenye mamlaka, chini ya ibara ya 63 ya Katiba, ya kuridhia mikataba ya kimataifa, na mbunge yeyote anaweza kumwuliza waziri lini suala hili litafikishwa kwenye Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Wapiga kura wa Kikuyu, Chamwino na Kongwa wana haki ya kudai swali hilo liulizwe.