Pingili ya Muhogo na Nzi Weupe

Muhogo haupandwi kwa punje kama mahindi au mtama. Mkulima huchukua mti uliokomaa, akaukata kwa panga vipande vya urefu wa shubiri hivi, akavichomeka ardhini, na kila kipande hutoa mizizi na majani yake. Vipande hivyo huitwa pingili, na wengine huviita mbegu, ijapokuwa mbegu hasa si hiyo. Mbegu ya kweli ni kiumbe kipya. Pingili ni mti ule ule wa zamani uliohamishwa. Ikiwa mti ulikuwa mzima, pingili ni nzima. Ikiwa ulikuwa mgonjwa, ugonjwa umekwisha kupandwa kabla jembe halijafutwa udongo.

Asili ya mmea huu ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta katika pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16, na kufikia karne ya 18 ulikuwa umekwisha kufika katika visiwa na pwani za upande wetu. Lakini ule ugonjwa uitwao batobato haukuja nao, kwa kuwa huko Amerika haujulikani. Yadhaniwa kuwa virusi vyake vilikuwa vikiishi katika mimea mingine ya Afrika, vikamvamia mgeni. Jani la muhogo wenye batobato huwa na mabaka ya kijani kibichi na ya manjano, hujikunja na kudumaa, na mizizi chini hubaki myembamba. Mjerumani mmoja, Warburg, aliueleza ugonjwa huo kwa maandishi katika mwaka wa 1894, alipouona katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara.

Mwaka 1902 Wajerumani walijenga kituo cha utafiti huko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Mtaalamu wao Zimmermann alisema mwaka 1906 kwamba yamkini ugonjwa huu waletwa na kitu kidogo kisichoonekana hata kwa darubini za siku zile. Baada ya Vita Kuu ya kwanza kituo kikawa mikononi mwa Waingereza, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akaja H. H. Storey, ambaye alikuwa amekwisha kupata sifa Afrika ya Kusini kwa kuonyesha jinsi mdudu mdogo anavyoeneza ugonjwa wa mahindi. Katika mwaka wa 1938 yeye na mwenzake Nichols walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya muhogo: mchukuzi wa batobato ni nzi mweupe, ambaye wataalamu wa Kongo walikwisha kumshuku mwaka 1932. Huyu ni mdudu wa urefu wa milimita moja hivi, akaaye chini ya jani akifyonza maji yake. Huitwa nzi, lakini kwa ukoo yu karibu zaidi na vidukari. Waligundua pia kwamba hawezi kuutia mti ugonjwa ila kwa kupitia majani machanga.

Msomaji asimchanganye mdudu huyu na vile vijinzi vyeusi vinavyorukaruka juu ya kopo la udongo ambamo mtu amechomeka kijiti cha ua ndani ya nyumba. Vile hutaga mayai katika udongo uliolowa, na mabuu yao hula kuvu na vijizizi vichanga. Udongo wa juu ukiachwa ukauke kabla ya kutiwa maji tena, wengi wao hufa. Adui wa kopo hukaa udongoni. Adui wa muhogo yumo ndani ya mti wenyewe, na kukausha udongo hakumpunguzii kitu.

Basi ifanywe nini? Watu wa Amani walichagua njia ndefu. Wajerumani walikuwa wamepanda mashamba makubwa ya mti wa mpira ambao ni jamaa ya muhogo, na bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913 mashamba hayo yalipoteza faida. Storey na Nichols waliuzalisha mti huo pamoja na muhogo. Watoto wa kwanza waliustahimili ugonjwa, lakini mizizi yao ilikuwa myembamba na migumu isiyofaa kuliwa. Wakawazalisha tena na muhogo, na tena, hata mara ya tatu, mpaka wakapata miti yenye mizizi minono na nguvu za yule babu wa msituni. Kazi hiyo, aliyoimalizia Jennings, ilikoma mwaka 1957. Mbegu kutoka Amani zilipelekwa Nigeria, na mti mmoja uliochaguliwa huko, wenye namba 58308, ukawa mzazi wa aina nyingi zilizotolewa na taasisi ya kilimo ya Ibadan tangu miaka ya 1970. Batobato kali ilipoiangamiza mihogo ya Uganda, kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, ndipo aina hizo zilipoitwa kuokoa watu. Damu ya Amani ilirudi Afrika ya Mashariki kwa kuzunguka bara zima.

Njia ya pili ni fupi, na kwa maoni yangu haikupewa heshima yake. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, K. R. Bock na wenzake walipanda pingili zisizo na ugonjwa katika pwani ya Kenya, wakangoja kuona nzi weupe watafanya nini. Nzi walifanya kidogo sana. Miti mingi ilibaki mizima, na ikadhihirika kwamba batobato nyingi ya pwani ile ilipandwa na mikono ya watu, katika pingili. Ni kweli kwamba Ivory Coast wataalamu waliona kinyume chake, nzi wakiyajaza mashamba safi ugonjwa kwa muda wa miezi michache. Na huko Uganda vilevile nzi ndio waliotangulia kama moto wa nyika. Kwa hiyo hapana sheria moja ya kila mahali.

Tuitazame Ozi, kijiji cha Wapokomo kilicho karibu na Kipini, Mto Tana unapokaribia bahari. Chakula kikuu kilikuwa mpunga, ambao ulinyweshwa na maji matamu ya mto yaliyosukumwa mashambani wakati bahari ilipojaa. Mimea mingine mingi ya nchi ile hupandwa kwa kipande: mgomba kwa chipukizi, muwa kwa pingili, kiazi kitamu kwa marando, muhogo kwa mti. Mto ukifurika, kama ulivyofurika mwaka 1961 na tena 1997, mpunga wa mbegu waweza kupandishwa darini; shina la muhogo lililosimama majini huoza. Maji yakipungua, mtu hana budi kuomba pingili kwa jamaa au jirani wa mahali palipoinuka, naye mwenye shida hachagui. Isitoshe, dalili za batobato zimo majanini, na fungu la miti iliyopukutishwa majani halisemi neno. Anayetaka pingili safi hutia alama mti mzima shambani ungali na majani yake, naye aliyepokea fungu njiani hawezi.

Pwani yetu ina ugonjwa mwingine mbaya zaidi, michirizi ya kahawia, ambao Storey aliueleza mwaka 1936. Huo waweza usionekane vizuri hata majanini. Mkulima hung'oa muhogo, akaumenya, akakuta ndani madoa makavu ya kahawia yasiyolika. Miaka mingi ulikaa katika nchi za chini za pwani, kutoka Kenya hadi Msumbiji, na tangu mwaka 2004 ukaonekana Uganda pia. Katika pwani ya Kenya wakulima wana muhogo uitwao Kaleso, unaouvumilia kuliko mingi mingine, na katika Tanzania upo uitwao Namikonga wenye sifa hiyo hiyo. Wataalamu walipoipima chembe za urithi waliona kwamba ni mti mmoja: ule ulioandikwa katika vitabu vya Amani kwa namba 46106/27. Kituo kiliacha kazi hiyo mwaka 1957, na wakulima, pingili kwa pingili, waliendelea kuupanda kwa majina waliyoupa wenyewe.