Resident Evil ya 1996: Zombi anatisha, lakini risasi zikiisha je?

Kwenye gemu nyingi za leo ukiona zombi unapiga tu. Kwenye Resident Evil ya kwanza, ambayo Capcom waliitoa kwa PlayStation mwaka 1996, unaanza na hesabu: nimebakiwa na risasi ngapi, na huyu ni lazima afe?

Hesabu hiyo ndiyo inayotisha. Zombi akifa haachi risasi, kwa hiyo unategemea zile zilizowekwa humo ndani ya jumba na maeneo yake. Ukizimaliza mapema unabaki na kisu, ambacho kusema kweli hakisaidii sana. Unaweza kumkwepa, ila korido ni nyembamba, na ukipita tena baadaye utamkuta palepale anakusubiri.

Begi nalo ni mtihani. Chris Redfield ana nafasi 6, Jill Valentine ana 8. Bastola, risasi za akiba, majani ya dawa, funguo, kila kimoja kinakula nafasi. Vingine unaviacha kwenye sanduku, halafu unavikuta kwenye sanduku la chumba kingine (usiulize vimefikaje).

Ukatili wenyewe uko kwenye kusevu. Unasevu kwa taipureta, na kila ukisevu unatumia utepe mmoja wa wino. Tepe hizo zina idadi, na zenyewe zinabebwa kwenye begi lilelile. Ukisevu ovyo zinakuishia. Ukizibania, unaweza kufa ukarudia nusu saa nzima ya kazi. Ndiyo maana hata mlango wa kawaida unaufungua roho mkononi.

Mwaka 2002 mwongozaji wake, Shinji Mikami, aliitengeneza upya kwa GameCube na kuongeza mtego: zombi uliyemuua anaweza kuamka baadaye akiwa na kasi na kucha kali, usipomchoma moto au kumpasua kichwa. Kumchoma kunataka kiberiti na mafuta ya taa, na chupa yako inatosha miili miwili tu kabla ya kwenda kujaza tena. Kwa hiyo hata kuua kuna gharama.

Resident Evil 4 ya 2005 ilibadilisha mambo. Maadui wanaangusha risasi na pesa, na kuna muuzaji wa silaha njiani. Ni gemu kali, wengi wanaipenda kuliko zote. Taipureta bado ipo, ila haidai utepe tena.