Mshauri nasaha na mteja: Mipaka 6 ya kuijua kabla hujafunguka

Singida. Kuongea na mshauri nasaha si jambo geni tena. Wapo wanaokutana naye kliniki wanapopima VVU, wengine hospitalini, shuleni au ofisi ya ustawi wa jamii.

Kisichosemwa sana ni mipaka. Mshauri anajua ndoa yako, madeni yako na majibu ya vipimo vyako. Wewe hujui lolote kuhusu yeye. Hapo tayari ana nguvu kuliko wewe, ndiyo maana jukumu la kulinda mipaka ni lake, si lako.

1. Siri ina kikomo chake
Unayosema yanabaki chumbani. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU yawe siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa za afya yako.

Lakini kuna wakati mshauri hawezi kunyamaza, kwa mfano maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Mtoto akidhulumiwa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka anayejua atoe taarifa. Mshauri mzuri anakueleza haya siku ya kwanza, kabla hujaanza kusimulia.

2. Ukijikuta unampenda
Inatokea, na si aibu. Mtu anayekusikiliza bila kukuhukumu, labda kwa mara ya kwanza maishani, ni rahisi kumzoea. Daktari Sigmund Freud wa Austria aliliandika hili zaidi ya miaka 100 iliyopita: mteja anahamishia kwa mshauri hisia alizokuwa nazo kwa mzazi, mwenza au mtu mwingine muhimu.

Inaweza kuwa mapenzi, inaweza kuwa hasira. Unaruhusiwa kumwambia. Kazi yake ni kuzipokea hisia hizo kama sehemu ya mazungumzo, bila kukucheka wala kuzitumia kwa faida yake.

3. Naye ni binadamu
Mshauri aliyefiwa na mume anaweza kuumia akimsikiliza mjane. Mwingine atakuonea huruma mpaka atamani kukulipia kodi ya nyumba. Akiona hisia zake zinamzidi, anatakiwa kuongea na msimamizi wake au akuhamishie kwa mwenzake. Ukihamishwa hivyo, hujafukuzwa.

4. Kuku wa shukrani
Singida ni mkoa wa kuku wa kienyeji, vitunguu na alizeti. Mtu akisaidiwa, anabeba kuku. Tatizo ni kwamba leo ni kuku, kesho asiye na kuku anaona aibu kurudi.

Mshauri anaweza kukataa kwa heshima: “Mama, asante sana, ila kazini kwetu hatupokei zawadi.” Usikasirike. Akiwa yeye ndiye anayeomba kuku, mafuta au mkopo, hapo mpaka umevukwa.

5. Mkikutana mtaani, mkichati usiku
Kijijini Ikungi au Mkalama, anayekushauri anaweza kuwa jirani yako au mnasali pamoja. Kubalianeni mapema: mkikutana sokoni atakusalimia, au atasubiri umsalimie wewe kwanza? Habari za kliniki zisiguswe hapo.

Kwenye simu ni hivyo hivyo. WhatsApp ni ya kupanga miadi. Meseji za saa tano usiku za “umelala?” hazimo kwenye huduma.

6. Ngono: hapana
Hata kama mteja ndiye aliyeanza. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kinakataza ngono na mteja, na kinaendeleza katazo hilo kwa angalau miaka miwili baada ya huduma kuisha.

Hapa nchini, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamfanya mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe haki au huduma kuwa mtenda kosa.

Alama za hatari
- Anakwambia usimweleze mtu kwamba mnaonana.
- Anahamishia vikao nyumbani kwake au gesti bila sababu ya kazi.
- Muda mwingi anaongelea matatizo yake.
- Anakusimulia habari za wateja wengine. Zako nazo zinasimuliwa.

Ufanye nini?
Kama ni jambo dogo, mwambie mwenyewe: “Dada, hili linanikosesha amani.” Kama unamwogopa, usirudi peke yako. Nenda kwa mganga mfawidhi wa kituo au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na uombe mshauri mwingine.

Tunza meseji, usizifute. Kwa rushwa ya ngono, piga TAKUKURU namba 113. Kwa ukatili, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Kwa mtoto, piga 116. Zote mbili ni bure.

Na kama unatumia dawa, endelea nazo. Unabadilisha mshauri, huachi matibabu.