Joistiki au pedi? Cheki bingwa wa 2014

Kijana wa Lupiro anayetaka joistiki ya gemu za ngumi nyumbani ajue kwanza ilikotoka. Fimbo ile ni ya mashine kubwa za kwenye kumbi, zile za kutumbukiza sarafu. Street Fighter II ya 1991 ilikuwa na vitufe sita: ngumi tatu, mateke matatu.

Bongo, wengi wamejifunzia kibandani, pedi ya PlayStation mkononi. Tekken haikuwapa shida: vitufe vinne tu, kimoja kwa kila mkono na kila mguu.

Sasa cheki hii: 2014, Las Vegas, Mfaransa mmoja alibeba ubingwa wa EVO kwenye Ultra Street Fighter IV akitumia pedi ya PlayStation ya kwanza kabisa! Fimbo za bei mbaya zikabaki zinashangaa.

Kwa hiyo kama ni Tekken, tunza hela yako, pedi nzima inatosha. Kama roho imeng'ang'ania fimbo, chukua nzito isiyoteleza mapajani, yenye vitufe sita au nane, na hakikisha inakubali mashine yako kabla haijapanda basi la Ifakara. Kuirudisha Dar ni nauli nyingine.