Punda: Jina Lake na Asili Yake

Neno punda limebeba mizigo mingi kama mnyama mwenyewe. Kwanza ni yule wa kufugwa, mwenye masikio marefu na subira. Pili twasema punda milia, yule wa porini mwenye mistari. Tatu ni tusi: mjinga huitwa punda, na mwenye kufanya kazi ya kuchosha bila shukrani vilevile. Yatupasa kupambanua, maana jina ni kazi ya watu, bali kiumbe ni kazi ya Mungu.

Tazameni neno nyumbu. Ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Tena ni mnyama mwingine wa mbugani mwenye pembe, wa jamaa ya ng’ombe na mbuzi. Jina moja, wanyama wawili wasio na udugu wa karibu. Lakini waliosema punda milia walilenga vema, kwa kuwa wataalamu wameona ya kuwa mnyama huyo ni ndugu wa karibu wa punda kuliko wa farasi.

Je, aina hizo zilitokeaje? Miaka kama milioni 4 iliyopita mababu zao walikuwa jamii moja. Makundi yakatengana, hili huku na hili kule, katikati bahari, jangwa au milima. Kila kundi likapata mabadiliko madogo madogo, mzazi akimrithisha mtoto. Yaliyofaa mahali pale yakadumu. Baada ya vizazi vingi mno, makundi hayo hayakuweza tena kuzaana vema. Shahidi ni nyumbu. Farasi ana kromosomu 64, ndizo nyuzi za urithi mwilini. Punda ana 62. Nyumbu hupata 63. Ana nguvu sana, lakini karibu daima ni tasa.

Mkristo asiogope elimu hii. Mwaka 1950 Baba Mtakatifu Pius XII, katika barua Humani Generis, aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa mtu, akishika ya kuwa roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Yohane Paulo II alisema elimu hiyo ni zaidi ya dhana tu.

Punda alianza kufugwa hapa Afrika, upande wa mashariki, miaka kama 7,000 iliyopita. Lakini penye mbung’o hugonjwa na kufa, na nchi yetu ya Katanga ilikuwa na mbung’o wengi. Basi nani alibeba mizigo? Mtu. Wakati wa Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891, shaba na pembe za ndovu zilitoka huku mabegani mwa wapagazi, na watumwa wakafuata njia hizo hizo. Gari la moshi lilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, mwaka 1910 tu. Kabla yake mtu aligeuzwa punda.

Tusidhani mambo hayo ni ya wazee peke yao. Mwaka 1992, hapa hapa Likasi, wenzetu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Baada ya jina likaja tendo: wakafukuzwa nyumbani mwao, maelfu wakajaa kituoni wakingoja gari la moshi, na wengine wakafa kabla ya kusafiri. Aliyekwisha kumwita jirani mdudu haoni tena vigumu kumfukuza.

Farasi na punda wamekuwa aina mbili. Watu hawakuwa hivyo kamwe. Mluba na Msanga, Mbemba na Mzungu wakioana huzaa watoto, na watoto hao huzaa wajukuu. Mtume Paulo aliwafundisha watu wa Atene ya kuwa Mungu alifanya mataifa yote kutoka kwa mmoja. Elimu ya viumbe nayo yakiri ya kuwa watu wote ni aina moja.

Basi wazazi, tuwakanye watoto wetu wasimwite mwenzao jina la mnyama, nasi tuanze kujikanya wenyewe. Na tukishika matawi kila mwaka tukumbuke ya kuwa Bwana wetu, alipoingia Yerusalemu, hakuona haya kupanda punda.