‘Mtego wa Panya’: Mauaji katika nyumba ya wageni iliyozingirwa na theluji

Wageni watano, wenye nyumba wawili na askari polisi mmoja wamekwama kwa theluji katika nyumba ya kulala wageni iliyo mbali na mji, na miongoni mwao yumo muuaji. Hicho ndicho kisa cha The Mousetrap, yaani Mtego wa Panya, tamthilia ya mwandishi wa Uingereza, Agatha Christie, iliyoanza kuoneshwa London Novemba 25, 1952. Imechezwa mfululizo tangu hapo, isipokuwa kati ya Machi 2020 na Mei 2021, kumbi zilipofungwa kutokana na ugonjwa wa corona.

Nyumba hiyo, Monkswell Manor, ni ya Mollie na Giles Ralston, mke na mume vijana ambao ndiyo kwanza wanaanza kupokea wageni. Redio inatangaza kuwa mwanamke ameuawa London. Theluji imekwishafunga barabara pale Sajini Trotter anapowasili akiteleza juu ya mbao, akieleza kuwa marehemu alihusika na mateso ya watoto watatu waliopelekwa kulelewa katika shamba la Longridge, ambako mmoja wao alifariki. Kisha simu inakatika. Waswahili husema mtego wa panya huwanasa waliomo na wasiokuwamo, na ndivyo ilivyo hapa: hata asiye na hatia ana jambo analolificha.

Wengi huitazama kama burudani tu, lakini chanzo chake ni msiba wa kweli. Januari 1945, Dennis O’Neill, mtoto wa miaka 12, alifariki katika shamba moja huko Shropshire, ambako yeye na mdogo wake walikuwa wamewekwa na halmashauri ya Newport, Wales. Alikuwa amepigwa na kunyimwa chakula. Mwenye shamba alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Uchunguzi wa serikali ulifichua uzembe wa waliopaswa kuwakagua watoto hao, na kifo hicho kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea Sheria ya Watoto ya mwaka 1948.

Christie alikitumia kisa hicho kwanza katika mchezo mfupi wa redio, Three Blind Mice, uliorushwa na BBC mwaka 1947 kuadhimisha miaka 80 ya Malkia Mary. Zawadi ya kutisha kidogo kwa sherehe ya kuzaliwa. Baadaye aliuandika kama hadithi iliyochapishwa Marekani, lakini hakutaka itoke katika kitabu Uingereza maadamu tamthilia ingali jukwaani London. Haki za tamthilia yenyewe alimpa mjukuu wake, Mathew Prichard, aliyekuwa bado mtoto.

Mwaka 1974 onesho lilihamia ukumbi wa St Martin’s, jirani na ule wa Ambassadors lilikoanzia. Kila pazia linapokaribia kufungwa, mmoja wa waigizaji huwaomba watazamaji wasimtaje muuaji kwa watu wa nje.