Asili ya Chuma cha Buhaya

Ufundi mkubwa haukosi wadai. Mwezi Machi 1888 Galileo Ferraris alieleza mjini Turin jinsi umeme wa mkondo geu unavyoweza kuzungusha mota. Mwezi Mei mwaka huo huo Nikola Tesla akapewa hataza za mota ya namna hiyo huko Marekani, na ubishi wa nani aliyetangulia haujesha. Lakini wabishi hao wana karatasi zenye tarehe. Chuma cha Buhaya hakina karatasi. Kina mavi ya chuma yaliyofukiwa ardhini, vipande vya mirija ya udongo, na maneno ya wazee.

Katika kijiji cha Katuruka, huko Maruku, Bukoba, ulikuwapo mti mkongwe ulioitwa Kaiija. Masimulizi yalisema kuwa mahali hapo wahunzi walimfulia chuma Mukama Rugomora Mahe, aliyetaka mnara wa kufika mbinguni. Peter Schmidt, mwanaakiolojia wa Marekani, aliwasikiliza wazee, kisha mwaka 1970 akachimba walipomwelekeza. Rugomora Mahe hukadiriwa kuwa mtu wa karne ya 17. Lakini ardhi ilitoa mabaki ya kazi ya chuma pamoja na vyungu vya namna ya Urewe, na makaa yake yalipopimwa, baadhi yalionyesha umri wa kabla ya kuzaliwa Kristo. Kinywa kilikuwa kimehifadhi mahali, kikasahau wakati.

Mwaka 1976 wazee waliojua kazi hiyo tangu ujana waliombwa kuirudia. Kwa miongo mingi ilikuwa imekoma, maana chuma cha kigeni kilikuwa kimekiua cha kienyeji. Walichimba shimo, wakalikandika udongo wa kichuguu, wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakajenga tanuri juu yake, na mirija ya mivukuto wakaiingiza ndani kabisa ya moto. Chuma kilichotoka kilikuwa na sehemu za chuma cha pua. Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa madini, walitangaza mwaka 1978 katika jarida la Science kuwa hewa ilipata joto ndani ya mirija kabla ya kuufikia moto. Walionyesha pia kwamba mirija ya kale iliyofukuliwa karibu na Kemondo, katika njia iendayo Muleba, ilikuwa na dalili za kuungua upande wa nje, wakahukumu kwamba ujuzi huo ulikuwapo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Huko Ulaya, kupasha moto hewa ya tanuri la chuma kulianza kwa hataza ya James Neilson wa Uskochi, mwaka 1828.

Magazeti yalifurahi, nayo sifa ikapita kipimo. Ndipo walipotokea wapinzani. J. E. Rehder alidai mwaka 1986 kwamba hewa ipitayo upesi katika mrija mnene wa udongo haiwezi kupata joto la kutosha, na kwamba joto kubwa la tanuri lina sababu nyingine. Mwaka 1996 David Killick naye alilipinga dai hilo. Tarehe za kale nazo zilitiliwa shaka, kwa kuwa kipimo cha makaa huonyesha umri wa mti, wala si umri wa moto uliouteketeza. Na mti mkongwe huweza kumdanganya mpimaji kwa karne nzima au zaidi.

Yafaa msomaji atenge maswali matatu ambayo ubishi huu umeyachanganya. La kwanza ni umri: kwamba kazi ya chuma ya Buhaya ni ya kale sana halina mpinzani wa maana, ijapokuwa karne yenyewe yabishaniwa. La pili ni chimbuko: zamani wataalamu wengi waliona kuwa ujuzi ulitoka Meroe, lakini tanuri na vyungu vya Maziwa Makuu havikuonyesha njia hiyo, wala uvumbuzi wa papo hapo haujathibitishwa. La tatu ni ujuzi: wazee walijua udongo upi, makaa yapi na majani yapi, nao wakapata chuma mbele ya macho ya watu.

Jibu la swali la tatu halitegemei majibu ya mawili ya kwanza. Mwanafunzi wa Bukoba au Muleba akifundishwa kuwaheshimu babu zake kwa kuwa tu waliwatangulia Wazungu, heshima hiyo itaanguka siku hesabu ya Rehder itakapokubaliwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; na mhunzi akisifiwa kwa asilolifanya, alilolifanya husahauliwa. Wanakijiji wa Katuruka wenyewe wameanzisha hifadhi ya urithi wao, na mgeni afikaye huonyeshwa mahali na kusimuliwa habari zake. Hapo ndipo uchunguzi ulipoanzia, na hapo unaweza kuendelea.